Maua ya Siku Mia

Mvua ilikuwa siku ya kumi na moja bila kukatika, na mimi nilikuwa nimewasha moto wa chini ya sakafu, ule wa kupashia nyumba wakati wa baridi, katikati ya mwezi wa saba, kama mtu aliyerukwa na akili. Madirisha nimeyafunga yote. Jasho linanichuruzika mpaka kwenye kope.

"Sohwa!" Mama aliita kutoka jikoni. "Unakausha nyumba au unatuchemsha?"

"Nakausha hewa, Mama. Kesho siku ya mia."

"Najua kesho siku ya mia. Matango haya unafikiri nayatia chumvi kwa ajili ya nani?"

Kesho wakwe wa dada yangu Yeonsu wangekuja kwetu kula chakula cha mchana, na mbele ya macho yao wote mimi ningemkabidhi dada shada lake la harusi, likiwa kavu na jeupe, ndani ya kengele ya kioo ya kufunikia maua.

Kwetu anayedaka shada la bibi harusi hadaki bahati peke yake, anadaka na kazi. Anapaswa kuyakausha yale maua na kuyatunza siku mia. Yakifika siku ya mia hayajaoza, wenye ndoa wataishi vizuri. Yakiota kuvu, basi, sentensi hiyo watu hawaimalizii. Mwezi wa nne dada alipowapa wageni mgongo na kulirusha shada, ilikuwa imeshapangwa nilidake mimi. Nani mwingine apewe? Kukausha maua ya watu ndiyo kazi inayonilisha, naifanya humu humu chumbani kwangu, na katika miaka minne sijaharibu shada la mtu hata moja.

Aliyewahi kuimalizia ile sentensi ni mmoja tu, Mama Insu, mama mkwe wa dada. Aliimalizia siku ile ile ya harusi, mezani, huku anajipakulia supu ya mbavu.

"Mpwa wangu shada lake alimpa rafiki mvivu," aliniambia. "Likaota kuvu siku ya sabini. Mwaka haukuisha, mume yuko kaburini. Utalitunza, eh, binti?"

"Nitalitunza, Mama."

"Najua. Una mikono mizuri." Akaishika mikono yangu akaigeuzageuza, kama anayechagua samaki. "Mikono mizuri, ila macho yako siyaelewi."

Macho yangu yalikuwa yanamtazama mwanawe. Si Insu, bwana harusi. Yule mdogo, Injae.

Naona nilieleze hili mapema ili nisije nikahukumiwa bure. Injae nilimjua mwaka juzi, kabla dada hajamjua Insu. Ni fundi vioo, yeye ndiye aliyekuwa akinitengenezea kengele za kufunikia maua ya wateja. Alileta kumi za kwanza, mbili zimepasuka, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma, na huruma ikapata wenzake. Kila tulipokutana nilimpa ua moja kavu, na kikaratasi chenye tarehe. Hatukumwambia mtu. Dada alikuwa hajaolewa, na kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Mama alikuwa ameshasema hivyo tangu tukiwa shule. Tukasema tusubiri. Siku moja Injae akakatwa mkono na kioo, kaka yake Insu akamsaidia kuleta mzigo, na aliyemfungulia lango ni dada Yeonsu. Mwaka haukuisha, posa ikaletwa.

Subira huvuta heri, wanasema. Yetu ilivuta shemeji.

Maana nyumba mbili zikishaoana mara moja, imetosha. Hakuna sheria inayokataza ndugu wawili wa huku kuoana na ndugu wawili wa kule, lakini jaribu uone. Watu watakutazama kama umekula chakula cha matanga kwenye meza ya harusi. Ndoa ya dada ikisimama, mimi na Injae ni mashemeji mpaka kufa. Na mtu aliyekabidhiwa kuisimamisha kwa siku mia, kwa mikono yake hii mizuri, ni mimi.

Injae alifika saa sita, kengele ya kioo ameipakata imefungwa blanketi, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Mama alimpokea mlangoni.

"Samahani, Mama, nimekuja na mvua," alisema huku ameinama.

"Karibu, baba. Mvua ni ya wote." Kisha Mama akapaza sauti, kuliko haja. "Sohwa! Shemeji yako amekuja!"

Nilitoka. Tukatazamana kama tulivyojizoeza, nusu ya nusu ya sekunde, halafu kila mtu akatafuta pa kuangalia. Yeye aliangalia soksi zake.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji," nikajibu.

"Mama amesema nilete hii. Anauliza maua yako salama?"

"Ingia uyaone. Tutayafunika pamoja, kioo chako nakiogopa."

"Mlango uacheni wazi," Mama alisema. "Hewa ipite."

"Mama, hewa ndiyo tunayoizuia tangu asubuhi."

"Uacheni wazi."

Tukauacha wazi. Ni mlango wa karatasi wa zamani, na pale karibu na kishikio pana maua mawili ya kosmosi yaliyobandikwa ndani ya karatasi. Vuli iliyopita tulipokuwa tunabadilisha karatasi za milango, Injae alikuja "kusaidia", na yale maua tuliyapanga sisi wawili, lake na langu, tukapaka gundi juu. Sasa ukitaka kuyatoa ni lazima uchane mlango.

Alikaa upande wa pili wa meza yangu ya kazi. Nilimpa taulo. Vidole vyetu havikugusana, na nilisikia vile ambavyo havikugusana.

"Naondoka Jumatatu," alisema kwa sauti ya chini.

"Kwenda wapi?"

"Busan. Kule pwani kuna karakana inataka fundi. Nimeshakubali."

"Umeshakubali." Nilianza kufungua blanketi. "Vizuri. Hongera, shemeji."

"Usiniite hivyo wakati hatuko mbele ya watu."

"Mama yuko hatua sita kutoka hapa, anakata vitunguu vya chapati. Hao si watu?"

"Sohwa."

"Nini?"

"Niambie nisiende."

Kutoka jikoni kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Nilimwangalia usoni, safari hii sikukimbia. Alikuwa amekonda. Kovu la kioo kwenye mkono wake lilikuwa limebaki jeupe, lile kovu lililotuletea harusi.

"Nikikwambia usiende, utabaki ufanye nini?" niliuliza. "Utakuja kila sikukuu na mapichi ya mama yako, ukae pale, niseme karibu shemeji, useme asante shemeji? Tutazeeka hivyo?"

"Kuna siku mambo yanabadilika."

"Yanabadilikaje?"

Aliangalia dirishani, mvua inavyopiga. Nikakumbuka Alhamisi, alipoleta mapichi, alisimama pale pale akasema, "Angalau mvua ina akili, inajua cha kuharibu." Nilicheka siku ile. Halafu nikaenda kumwita Mama, na yeye akabaki peke yake chumbani, dakika mbili, labda tatu.

Nilifungua kabati, nikasogeza magodoro, nikatoa boksi. Ni boksi la plastiki zito, lina vibanio vinne. Mawaridi ya shada nilikuwa nimeshayakausha kwenye mchanga wa kukaushia maua tangu mwezi wa nne. Humu yalikuwa yanalala tu, na chini yake zile punje za kunyonya unyevu, kama zinazokuja kwenye viatu vipya ila hizi zina rangi. Zikiwa kavu ni za buluu. Zikinywa maji zinageuka rangi ya waridi. Nilizikagua mara ya mwisho Jumanne, zikiwa buluu kama bahari ya kwenye picha. Baada ya hapo nikajikataza kugusa, maana msimu huu kila ukifungua ni kukaribisha unyevu.

Nilipoliweka mezani, vibanio viwili vya mbele vilikuwa vimebanwa. Viwili vya nyuma vilikuwa vimeachwa wazi.

Nikafungua.

Harufu ilinipiga kwanza. Harufu ya kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo. Punje zote zilikuwa za rangi ya waridi, hata moja ya buluu hakuna. Mawaridi matano ya pembeni yalikuwa yamekuwa kahawia kwenye kingo, na la katikati, lile kubwa ambalo dada alilichagua mwenyewe, lilikuwa limeota manyoya ya kijivu.

"Mungu wangu," Injae alisema.

"Umefanya nini?"

"Nini?"

"Injae, umefanya nini?" Nilikuwa nanong'ona, na kunong'ona kulikuwa kubaya kuliko kupiga kelele. "Alhamisi. Nilipokwenda kumwita Mama. Ulifungua nyuma, ukabana mbele ili nisijue."

Alifungua mdomo. Akaangalia boksi, akaangalia mikono yangu, kisha akaniangalia mimi, muda mrefu. Uso wake ulibadilika polepole. Wakati ule nilidhani naona aibu.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Ni ndoa ya dada yangu!"

"Najua."

"Mama yako ataniua. Atasema nimemroga mwanawe. Dada atakaa nyumba ile ile na mwanamke huyo, kila kikombe kikivunjika wanamwangalia yeye! Ulifikiri hilo?"

"Hutasema kitu. Nitasema mimi." Alisimama. "Nitamwambia mama leo, nikitoka hapa. Nitamwambia nilifungua nikichungulia, nikasahau kufunga. Wewe huna kosa. Umesikia, Sohwa? Wewe huna kosa lolote."

"Toka."

"Sawa."

"Busan nenda kesho, usingoje Jumatatu. Na yale maua yangu niliyokupa yatupe baharini ukifika."

Hilo lilimuuma, nililiona. Alichukua blanketi lake, akaacha kengele ya kioo mezani, akamwinamia Mama pale koridoni na kuvaa viatu vilivyojaa maji. Sikumsindikiza.

Mama aliingia akijifuta mikono kwenye aproni. Aliangalia boksi, akaangalia lango lililokuwa linajifunga uani.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Maua? Kama siku tatu."

"Siulizi maua."

Nikaketi.

"Kabla ya dada," nilisema. "Mwaka mzima kabla ya dada."

"Na mlikuwa mmenyamaza mnangoja nini?"

"Mkubwa kwanza, Mama. Si wewe ulisema?"

Alisimama tu, mikono imelowa unga, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mama yangu amezeeka.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema mwishowe, kwa ukali wa mtu anayejikaza. "Yule kijana aende zake. Wewe tengeneza maua. Si unayo mengine?"

"Ninayo."

"Meupe?"

"Meupe. Ya mwezi ule ule."

"Basi weka mengine, toa haya, funika kioo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe mdomo wako nitaushona," Mama alisema, akarudi kwenye kikaango chake.

Nilifunga mlango. Nikatoa kopo langu la mawaridi ya akiba, nikayapanga kwenye karatasi, sita, nikachukua kibano. Nilikata uzi wa waridi la kwanza lililoharibika. Lilipukutika kabla halijafika mezani. Nililia kidogo, si sana, maana machozi nayo ni unyevu. Ukishazoea kazi hii hata kulia unalia kwa hesabu.

Nilikuwa nimeshabadilisha mawili niliposikia lango tena. Sikutoka. Nilisikia sauti ya dada Yeonsu, "Sohwa yuko chumbani?" na Mama akimwambia, "Kuna nini, mbona bila mwavuli?" kisha miguu yake ikaja koridoni haraka. Nilitupa kitambaa juu ya meza nzima.

Aliingia akaufunga mlango kwa mgongo. Nywele zimemganda usoni. Dada yangu ni mzuri, watu wote wanasema, lakini siku hiyo alikuwa na uso wa mgonjwa anayengoja daktari amsomee majibu.

"Yameharibika mangapi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshaanza kusema "Dada, karibu, keti," nikaishia hapo. Sikuwa nimempigia simu. Injae alikuwa ametoka nusu saa tu.

"Nani kakwambia yameharibika?" nilisema.

Alikuja mezani, akainua kitambaa mwenyewe. Aliyatazama maua yake, yale ya kahawia na lile lenye manyoya. Hakushtuka hata kidogo.

"Ni mimi," alisema. "Jumatano. Wewe ulikwenda posta na mizigo, Mama alikuwa hekaluni. Ninajua unapoficha vitu, Sohwa, tumelala chumba hiki miaka ishirini."

"Wewe?" nilisema. "Shada lako mwenyewe?"

"Shada langu mwenyewe."

"Dada, umechanganyikiwa? Una mimba? Insu amekupiga?"

"Hajanipiga. Laiti angenipiga, ningejua la kusema kwa watu." Alikaa chini pale pale alipokuwa amekaa Injae, taulo lile lile akalivuta akajifuta uso. "Mama mkwe aliniambia nisafishe chumba cha Injae, kwa kuwa anahama. Anataka kiwe chumba cha mtoto. Mtoto mwenyewe bado, lakini chumba kiwepo. Nikavuta droo ya chini. Kuna kopo la chai. Nikafungua."

Nilijua kilichokuwemo. Nilifumba macho.

"Maua," dada alisema. "Arobaini na saba. Nimeyahesabu. Kila moja na kikaratasi, na mwandiko ninaujua, mimi ndiye niliyekufundisha kuandika. Ua la kwanza lina tarehe ya mwezi wa tano, mwaka juzi. Mimi Insu nilimjua mwaka uliofuata."

"Dada..."

"Mlikuwa mnaningoja mimi?"

Nilianza kukikunja kile kitambaa.

"Nijibu. Mlikuwa mnangoja mimi niolewe kwanza?"

"Ndiyo."

Aliinamisha kichwa. Mabega yalimtikisika mara moja, mara mbili, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti ambacho sijawahi kumwona nacho.

"Na mimi nikaja nikaolewa pale pale," alisema. "Wanaume wote wa mji huu wa Jeonju, nikaenda pale pale. Usiku ule nilimwonyesha Insu lile kopo. Nilitegemea atashtuka kama mimi. Unajua alichoniambia? Alikuwa anakata kucha. Akasema, 'Nilijua. Aliniambia kabla ya posa, akaniomba nisubiri kidogo. Mdogo atazoea.'"

"Alijua?"

"Alijua. Alinioa anajua. 'Mdogo atazoea.' Akaendelea na kucha." Aliinua uso. "Mtu anayesema hivyo juu ya ndugu yake wa damu, Sohwa, juu yangu atakuja kusema nini? Usiku mzima nilimsikiliza anavyopumua. Asubuhi nikaja hapa. Nikasema, nitafungua kidogo. Kama ndoa hii ni ya kweli, maua yatakaa. Kama si ya kweli, mvua itasema kwa niaba yangu, maana mimi mdomo sina."

Nilikuwa naiona sura ya Injae, jinsi alivyoangalia mikono yangu kabla ya kusema ni mimi. Hakuwa ameona aibu. Alidhani nimefanya mimi. Alidhani nimeliozesha shada la dada yangu kwa sababu yake, na akakubali kulibeba kosa hilo mpaka kwa mama yake.

"Nimemfukuza," nilisema. "Nimemwambia maua yangu ayatupe baharini."

"Nani?"

"Injae. Nilidhani ni yeye. Na yeye akakubali, dada! Akasema ni yeye!"

Nilitafuta simu yangu chini ya karatasi. Nilipiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na wakati nangoja, simu ya dada ndiyo iliyolia ndani ya mkoba wake uliolowa. Alisoma jina. Mama mkwe.

"Pokea," nilimwambia.

Alipokea kwa mikono miwili, kama vile mtu mwenyewe yuko mbele yake. "Ndiyo, Mama... Ndiyo, niko kwetu... Amesema hivyo?... Mama, subiri, si... Mama, kesho si... Ndiyo. Ndiyo, Mama."

Aliishusha simu mapajani.

"Injae amemwambia," alisema. "Mama mkwe amesema mwanawe hajui kudanganya, anamficha mtu. Amesema anajua anamficha nani. Hangoji kesho. Wako kwenye teksi."

"Wako nani?"

"Wote wawili. Injae amekataa kumwacha aje peke yake."

Kutoka jikoni ilikuja harufu ya chapati za vitunguu zinazoungua. Mama hakuwahi kuunguza chapati maisha yake. Nikajua amesimama nyuma ya mlango, na amesikia yote.

Nilitazama meza. Mawaridi mawili ya akiba yalikuwa yameshakaa mahali pake, meupe, safi. Yalibaki manne. Kwa mkono wangu manne ni dakika kumi. Kengele ya kioo iko tayari, safi, ya fundi bora mjini. Kwa dakika kumi ningeweza kumpa Mama Insu shada jeupe mpaka mwisho, hadithi ya mwanawe ingekuwa wasiwasi tu wa kijana, dada angerudi kwa yule mkata kucha, Injae angekwenda Busan, na mimi ningesifiwa mikono.

"Unaweza kuyatengeneza?" dada aliuliza. Alikuwa ameona akiba.

"Ninaweza."

"Usiyatengeneze."

"Una uhakika?"

"Sitaki kurudi kule, Sohwa."

Niliweka kibano chini. Nikayang'oa yale mawili mapya, nikayarudisha kwenye kopo. Maua ya kahawia nikayageuza yatazame mlango, na lile lenye kuvu nikaliacha katikati, mahali dada alipolichagulia. Tulikaa mimi na dada bega kwa bega, kama siku za mtihani, tukisikiliza mvua. Haikupita muda. Mlango wa gari ulifungwa nje kwenye kichochoro, kisha mwingine, na viatu vikakanyaga maji uani. Wakagonga.

"Nani?" Mama aliuliza koridoni. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Ni mimi," alijibu Mama Insu. "Fungua."

Dada alinishika mkono, kucha zikazama.

"Funika," alinong'ona. Macho yalikuwa yamemtoka. "Sohwa, funika. Weka yale mengine, kioo, chochote, funika haraka! Siwezi. Nilidhani naweza, siwezi!"

"Dada..."

"Nakuomba! Wewe hujui anavyomwangalia mtu. Funika!"

Mama alifungua, na kivuli kikaja kusimama nyuma ya karatasi ya mlango wetu, kifupi, kipana. Nyuma yake kikaja kingine kirefu, kikasimama usawa wa yale maua mawili ya kosmosi. Siku tisini na tisa nilikuwa nimefunika. Nilifunika maua, nilifunika macho yangu, niliita shemeji mpaka ulimi ukaota sugu.

Nilikichukua kifuniko cha boksi. Dada akashusha pumzi, akidhani nimemsikia.

Nikasimama nacho mkononi, maua nikayaacha wazi mezani, nikaenda kuufungua mlango.